Chozi wa South B na kile anachokula

Msomaji mmoja wa South B ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mbele ya nyumba nina uzio wa hibiskasi na ndoo kadhaa za mimea. Kila asubuhi huja ndege mdogo mno, kichwa na mgongo vinang'aa bluu na kijani, tumbo la njano. Badala ya kuingia ndani ya ua kama nyuki, analitoboa kwa nje, chini kabisa karibu na kikonyo. Nimemwekea maji ya sukari kwenye kifuniko cha chupa juu ya ukuta, siku tatu hakuyagusa. Jirani ananiambia nitie asali. Anakula nini hasa ndege huyu, na je, ananiharibia maua? Halafu juzi nimeona mwenzake wa rangi ya kijivu akivuta utando wa buibui kwenye pembe ya dirisha la jikoni. Hicho nacho ni chakula?"

Marahaba, dada. Umeuliza mambo manne kwa mpigo, na lile la utando umeliweka mwisho kama jambo la kupitia tu, kumbe ndilo lenye jibu zaidi ya mengine. Nitalifikia.

Ndege wako ni chozi. Hilo ndilo jina lake la Kiswahili, japo mitaani Nairobi utasikia tu "kale kandege ka maua". Chozi wako wengi: spishi zaidi ya 140 zimeenea Afrika, Asia, hadi kaskazini mwa Australia. Kwa maelezo yako, huyu ni yule ambaye wataalamu humwita Cinnyris venustus, ndiye chozi wa kawaida kuliko wote katika bustani za Nairobi. Urefu wake ni kama sentimita 10 kuanzia ncha ya mdomo hadi mkia, na uzito ni gramu sita hadi nane, yaani sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari. Ukimtazama dume jua likiwa nyuma yako utaona pia kifua cha zambarau kati ya ule ubluu na umanjano. Na "mwenzake wa kijivu" si spishi nyingine, ni mkewe. Majike wengi wa chozi hawajapewa mapambo.

Watu wengi hudhani ni wale ndege wadogo wa Amerika wanaoonyeshwa kwenye televisheni wakielea hewani mbele ya ua. Hawana undugu wa karibu. Wale hawapatikani Afrika kabisa. Chozi anaweza kupapatika hewani kwa sekunde chache akilazimika, lakini desturi yake ni kutua kwanza, ashike kitawi kwa kucha, ajinyonge hata kichwa chini miguu juu, ndipo anywe. Kumbuka hilo la kutua, lina uhusiano na kifuniko chako cha chupa.

Sasa chakula. Chozi anaishi kwa vitu viwili: mbochi, ule utamu ulioko ndani ya ua ambao siku hizi shuleni huitwa nekta, na wadudu wadogo pamoja na buibui. Mbochi ni mafuta ya gari. Buibui na wadudu ndio bati, spana na vipuri.

Tuanze na mbochi kwa kuwa ndiyo unayoiona. Mdomo wa chozi ni mwembamba na umepinda kwa chini, na ndani yake kuna ulimi mrefu uliojikunja ukawa mrija, ncha imegawanyika. Anauchomeka, anavuta, anauchomoa, ua linalofuata. Karibu sukari yote anayoinywa huingia mwilini, haipotei. Kinachotoka ni maji tu, ndiyo maana ukimwacha akae juu ya gari lako hutaona uchafu wa kueleweka, ni matone. Mbochi ikiwa nyepesi, chozi anaweza kunywa kwa siku moja kiasi kinachozidi uzito wake mwenyewe. Jaribu kufikiria wewe ukinywa maji kilo sitini.

Kwa nini anywe hivyo? Kwa sababu kiumbe kidogo hupoteza joto haraka, kama chai kwenye kikombe kidogo ikilinganishwa na ile ya sufuria. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai unaijua. Huyu wa gramu saba amelala usiku kucha bila kula, kumekucha akiba imekwisha. Ndiyo sababu unamwona asubuhi na mapema akihangaika kwenye uzio wako kama mtu aliyechelewa matatu. Haba na haba ya ua moja moja, hadi kibaba kijae.

Lakini mbochi ni maji na sukari. Protini iliyomo ni kama hakuna, na kwa sukari peke yake huwezi kujenga msuli, huwezi kuotesha manyoya, huwezi kutunga yai. Hapo ndipo buibui anapoingia.

Chozi ni mwindaji. Watu hawapendi kulisikia hili kwa sababu anapendeza mno. Mtazame akiwa hayuko kwenye ua: yuko chini ya majani ya mwarubaini au ya mpera akidonoa vidukari, wale wadudu wadogo wanaong'ang'ania shina changa, anavuta kiwavi kutoka kwenye jani lililojikunja, anaruka kutoka kitawini kumdaka kijinzi hewani kisha anarudi palepale. Na kwenye ncha ya mdomo wake, ukibahatika kumshika mkononi, kuna vimeno vidogo mno kama vya msumeno, vinavyodhaniwa kumsaidia kubana kitu chenye miguu kisichotaka kubanwa.

Mwaka juzi jike mmoja alijenga kwenye tawi la mgrevilea lililoinamia dirisha langu la jikoni. Vifaranga walipoanguliwa nilivuta stuli nikakaa na kikombe cha chai. Kati ya bomba la maji ya mvua na ukuta palikuwa na utando, buibui katulia katikati, mguu mmoja juu ya uzi. Jike akaja, akasimama hewani mbele ya utando kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, akamchomoa buibui bila kugusa nyuzi, akaenda. Nikasikia vifaranga wakilia kama mlango usiotiwa mafuta. Kabla chai yangu haijapoa alikuwa amekuja kwenye pembe hiyo hiyo mara nne. Sikumwona hata mara moja akielekea kwenye maua kwa ajili ya wanawe. Maua alikwenda kwa ajili yake mwenyewe, kujaza tangi. Vifaranga hulishwa zaidi buibui na wadudu, na buibui wanafaa kwa sababu ni laini na hawana gamba gumu kama la mbawakawa.

Kwa hiyo yule wako wa dirishani alikuwa akifanya mojawapo ya mambo mawili. Kama alichomoa kitu cheusi katikati ya utando akameza, huo ulikuwa mlo. Kama alivuta nyuzi zenyewe, akazungushia mdomo mpaka ukawa kama umefungwa pamba, akaruka nazo, basi ni vifaa vya ujenzi. Utando wenyewe si chakula. Kwa maneno yako ulivyosema "akivuta", naona ni hilo la pili. Nyumba ya chozi ni kifuko kinachoning'inia, kimefumwa kwa majani makavu, nyuzi za maganda na takataka ndogo ndogo, vyote vikashikanishwa kwa utando wa buibui kama gundi. Mlango uko ubavuni, mara nyingi juu yake una kibaraza cha kuzuia mvua.

Sasa mashtaka ya kutoboa maua. Ni kweli, na anafahamu anachofanya. Mbochi ya hibiskasi iko chini kabisa, kwenye kitako cha ua, na mdomo wa chozi huyu ni mfupi ukilinganisha na safari hiyo. Binamu yake yule mkubwa mweusi mwenye mkia mrefu ambaye juani hung'aa kama shaba (na Nairobi tunaye pia, utamwona kwenye maua marefu) ana mdomo mrefu uliopinda vizuri, naye huingia kwa mlango wa mbele. Huyu mdogo anatoboa ukuta wa nyuma. Anapata kinywaji bila kugusa chavua, kwa hiyo ua limetoa malipo na kazi haikufanywa. Kwa lugha ya biashara huo ni wizi, na sitamtetea. Tena akishatoboa, sisimizi na nyuki huja kutumia tundu lilelile.

Ila hasara yako ni ipi? Hibiskasi hiyo ya nyua za Nairobi asili yake ni Asia, ua lake hudumu siku moja hivi, na mbegu haitoi mara kwa mara. Uliipanda kwa kijiti na jirani ataipanda kwa kijiti. Kitundu cha chozi hakikupunguzii kitu. Kama ungekuwa unalima kitu kinachohitaji ua lichavushwe ndipo litoe tunda ningekuwa na la kusema zaidi. Na usimchanganye na kuzumburu, wale wa kijivu-kahawia wenye kishungi na mkia mrefu wanaotembea kwa makundi, wala na shore. Hao ndio wanaomaliza papai na machipukizi ya sukuma wiki. Chozi akila tunda ni mara chache, na ni lile ambalo tayari limeshapasuka.

Kwenye maua yaliyoumbwa kwa ajili yake, hali ni tofauti kabisa, anafanya kazi kwa uaminifu. Nenda siku moja chini ya mti wa mjini ulioshikwa na kile kimelea chenye maua membamba ya waridi au machungwa, yanayoota kwa vishada juu ya tawi la mti mwingine. Maua yake mengi hayafunguki yenyewe. Yanakaa yamejifunga, yamekaza kama mtego. Chozi anakuja, anaingiza ncha ya mdomo kwenye ufa mdogo, na ua linafyatuka, linamrushia chavua usoni. Anapangusa kichwa, anakunywa, anaendelea na lingine akiwa na unga wa njano kwenye paji la uso. Bila ndege, ua hilo lingesubiri mpaka lianguke.

Unaweza pia kuwa umeona dume akimfukuza mwenzake uzioni kwa kelele nyingi, au akipigana na kioo cha gari. Ni ndege yuleyule anayemwona kwenye kioo, hajui ni yeye. Usidhani ni ubishi tu, kuna hesabu ndani yake. Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza chozi mmoja wa nyanda za juu za Kenya, mwenye rangi ya dhahabu mabawani, na matokeo yao wakayatoa mwaka 1975. Walipiga hesabu ya nguvu anayotumia saa kwa saa. Kutafuta chakula kulimgharimu zaidi ya mara mbili ya kukaa tu tawini, na kumfukuza mpinzani kulimgharimu kama mara tatu ya kutafuta chakula. Ukubwa wa maeneo waliyolinda ulitofautiana sana, mengine madogo mengine makubwa mno, lakini maua ndani yake yalikaribiana, kama 1,600, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku. Maua yakipungua chini ya faida, anaacha kulinda. Yakiwa tele kila mahali, anaacha pia, ya nini kugombana? Wenye vibanda vya mitumba Gikomba hawahitaji kufundishwa hili.

Uzio wako basi ni mali ya mtu. Yule dume unayemwona kila asubuhi yaelekea ni mmoja, siku zote.

Turudi kwenye kifuniko cha chupa. Hakushindwa kukipenda, hakukiona kuwa ni chakula. Chozi hatafuti utamu kwa pua. Anatafuta kwa macho: rangi, hasa nyekundu na machungwa, na umbo la mrija wa kuchomeka mdomo. Kifuniko kiko wazi juu ya ukuta, hakina pa kushika, paka anapita hapo, na mita mbili kando kuna hibiskasi imejaa. Wewe ungeacha mlo wa nyumbani ukanywe supu kwenye sahani iliyowekwa barabarani?

Ukitaka kuendelea kumwekea, sikukatazi. Sukari nyeupe ya kawaida sehemu moja, maji sehemu nne, kwa kipimo kilekile cha kikombe au kijiko. Chemsha, acha yapoe kabisa. Weka kwenye chupa ndogo yenye kitundu chembamba, funga kitambaa au utepe mwekundu, ining'inize kivulini karibu na kitawi cha kutulia, juu kuliko paka anavyoruka. Kila baada ya siku mbili mwaga yaliyobaki, osha kwa maji ya moto, na kukiwa na joto fanya hivyo kila siku. Maji ya sukari yaliyochacha ni mabaya kuliko kutokuwapo kwa maji. Asali mwambie jirani aitie kwenye chai yake: ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu, na ukungu huo unaweza kumdhuru ndege ulimini. Sukari guru hapana, sukari ya kahawia hapana, rangi ya keki hapana. Wala usipake grisi kwenye waya kuzuia sisimizi, itamshika manyoya. Nyuki nao watakuja, nakuonya mapema kama nyumbani kuna watoto.

Mimi mwenyewe niliacha chupa zamani. Chupa inampa mafuta ya gari tu, hayo tayari unayo uzioni. Afadhali hizo ndoo zako. Ndoo moja itie mshubiri. Mashina yake ya maua hujitokeza hata wakati wa kiangazi, bustani nyingi zikiwa zimechoka. Nyingine itie Leonotis, ule mmea wa porini wenye vishada vya machungwa vilivyopangana ghorofa juu ya ghorofa kwenye shina moja. Utauona kando ya barabara ukitoka mjini, na ndio huohuo uliowaniwa na wale ndege wa Gill na Wolf. Pembeni ya uzio tekoma ya machungwa haitaki kubembelezwa, kata kijiti uchomeke ardhini mvua za Machi zikianza. Mwenye nafasi kubwa ningemwambia muhuti, ambao huwaka maua mekundu ukiwa hauna hata jani, lakini South B nafasi hiyo itoke wapi.

Na dawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Vidukari wakiingia kwenye waridi, mtu hukimbilia dukani akarudi na chupa ya kunyunyizia. Zipo dawa zinazonyonywa na mmea mzima, zikafika kwenye jani, kwenye chavua, hadi kwenye mbochi. Ukimaliza vidukari na buibui, umemfungia chozi jiko hata kama maua bado yako mia. Wapulizie maji kwa nguvu kwa mpira wa bustani, wengi wao wataanguka, na wanaobaki waachie wenyewe wanaowala.

Sasa kwa wiki chache zijazo, nakuomba usifagie ile pembe ya dirisha la jikoni. Kama jike anakusanya utando, nyumba inajengwa si mbali. Tafuta kitu kinachofanana na takataka zilizonasa kwenye ncha ya tawi, au kwenye waya, hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ukikiona, anika kwingine. Hutaga yai moja au mawili, jike hulalia peke yake kama wiki mbili, kisha vifaranga hukaa humo wiki mbili nyingine au zaidi kidogo. Usisogee kuchungulia mlangoni, kaa ndani ya nyumba utazame kupitia kioo. Utajua wameanguliwa siku utakayomwona dume, yule mwizi wako wa hibiskasi, ametua uzioni na kiwavi mdomoni, na hamezi.